Njaa Katika Maji ya Buluu

Chombo kikitoka Tanga kuelekea Pemba, rangi ya maji hubadilika njiani zaidi ya mara moja. Karibu na mikoko maji ni ya tope. Juu ya miamba yanakuwa kijani cheupe. Kisha sakafu ya bahari inakatika, kina kinafika mita mia kadhaa, na maji yanageuka buluu iliyoiva mithili ya nili. Picha za watalii hupigwa hapo. Lakini kwa mtu anayesoma maisha ya bahari, buluu hiyo ni dalili ya njaa. Maji yakiwa hayana kitu ndani yake, nuru ya buluu ndiyo inayorudi machoni. Yakiwa na uhai wa kijani, hata ule usioonekana kwa macho, rangi huanza kuvuta kwenye majani. Buluu kali ni rangi ya shamba lisiloota.

Mmea unaokosekana hapo ni fitoplanktoni: viumbe vya seli moja vinavyoelea na kwenda vinakopelekwa na mikondo, vikitumia nuru ya jua kujitengenezea chakula. Baadhi ni bakteria. Baadhi ni diatomu, zinazojijengea ganda la silika, yaani malighafi ile ile ya kioo. Uzito wa fitoplanktoni zote za dunia haufiki hata asilimia 1 ya uzito wa mimea yote, lakini karibu nusu ya usanisinuru wa sayari hii hufanywa nazo. Jambo hilo linaeleweka kwa kumtazama mama ntilie hodari. Jioni jikoni kwake hamna akiba, lakini sahani zilizotoka mchana kutwa ni nyingi kuliko za hoteli yenye stoo tatu. Mti hukaa na mbao zake miaka mia. Fitoplanktoni huzaliwa, hugawanyika na kuliwa ndani ya siku chache.

Bahari kuu ina maji, ina nuru, ina hewa ukaa iliyoyeyuka kwa wingi. Mkulima wa nchi kavu angeona hana la kulalamika. Hata hivyo, mita moja ya mraba ya bahari ya tropiki, mbali na pwani, huzalisha kwa mwaka kiasi kinachokaribiana na cha nyika kame. Kinachokosekana ni mbolea, na kukosekana kwake kunatokana na jinsi bahari yenyewe ilivyopangwa.

Nuru hupungua haraka ndani ya maji. Hata katika maji safi kabisa, ukishapita mita 200 hakuna tena nuru ya kuotesha kitu. Jua hilo hilo hupasha moto tabaka la juu, na maji vuguvugu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Mpaka kati ya matabaka hayo mawili ni mkali. Wapiga mbizi huuhisi kwa ngozi, pale baridi inapowapokea ghafla. Seli inayokufa huzama na kuvuka mpaka huo. Kinyesi cha wanyama wadogo wanaokula seli huzama vilevile. Huko chini gizani bakteria huvunjavunja mabaki na kuachilia naitrojeni, fosforasi na madini mengine, ambayo sasa yameyeyuka kwenye maji yasiyo na nuru ya kuyatumia. Maji ya vilindi yanaweza kukaa karne kadhaa kabla ya kurudi juu. Basi bahari ya tropiki ni nyumba ambayo taa iko ghorofa ya juu, ghala la chakula liko chini, na ngazi ni mbovu.

Mbolea hizo hazitumiki kwa kubahatisha. Mwaka 1934 Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba katika miili ya planktoni, fosforasi na naitrojeni zimo kwa uwiano unaokaribia kutobadilika, na kwamba maji ya vilindi nayo yana uwiano unaokaribiana na huo. Baadaye hesabu ilitulia: kwa kila atomu moja ya fosforasi, atomu 16 za naitrojeni na 106 za kaboni. Uwiano ukishajulikana, kanuni iliyotangazwa na Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19 kuhusu mazao ya shambani inaingia baharini bila kugeuzwa: mavuno huamuliwa na kile kilicho kichache zaidi kulingana na mahitaji. Mpishi mwenye gunia la unga, pipa la maji na vijiti viwili vya kuni atapika ugali wa vijiti viwili. Kumwongezea unga si kumsaidia.

Katika sehemu kubwa ya bahari za joto, kuni zinazoisha kwanza ni naitrojeni. Kinachochekesha kidogo ni kwamba gesi ya naitrojeni imejaa hewani, na imeyeyuka ndani ya maji pia, ila atomu zake mbili zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba seli nyingi haziwezi kuzitenganisha. Zinachohitaji ni naitreti au amonia. Naitreti hupatikana vilindini kwa kipimo kizuri; katikati ya mizunguko mikubwa ya mikondo, ile inayozunguka taratibu katikati ya Pasifiki, Atlantiki na kusini mwa Bahari ya Hindi, maji ya juu huwa na naitreti pungufu mara elfu na zaidi. Mzunguko wa Pasifiki ya Kusini, upande wa Kisiwa cha Pasaka, ndio uliopungukiwa kuliko yote. Klorofili yake hushuka hadi karibu miligramu 0.02 kwa mita ya ujazo, na maji yake ni miongoni mwa maji maangavu zaidi yaliyowahi kupimwa duniani.

Kitu kinachoendesha uhai mahali kama hapo ni mkojo. Wanyama wadogo hula seli na kutoa amonia, seli nyingine huidaka papo hapo, nazo zinaliwa, na amonia inatoka tena. Mwaka 1967 Richard Dugdale na John Goering walipendekeza uzalishaji wa baharini uhesabiwe kwa mafungu mawili: ule unaotokana na naitreti mpya iliyopanda kutoka chini, na ule unaotokana na naitrojeni inayozungushwa papo hapo juu. Katika bahari kuu fungu la pili ndilo kubwa. Tofauti hiyo si ya kimahesabu tu, kwa sababu ni fungu la kwanza peke yake linaloweza kuvuliwa au kuzama bila kuifilisi ghorofa ya juu. Mtaa unaweza kukopeshana shilingi ile ile mwezi mzima; samaki anayetolewa humo ni shilingi iliyohama mtaa.

Umaskini wa namna hiyo huchagua wakazi wake. Seli kubwa ina tumbo kubwa na ngozi ndogo ukilinganisha. Seli ndogo ina ngozi kubwa kwa tumbo lake, na kwa kuwa mbolea huingia kupitia ngozi, wadogo ndio wanaoshinda pale chakula kinapokuwa cha kuokoteza. Ndiyo maana maji ya buluu yametawaliwa na bakteria aitwaye Prochlorococcus. Upana wake ni kama mikromita 0.6, kwa hiyo seli mia moja zikipangwa mstari hufikia unene wa unywele mmoja. Udogo huo ulimficha hadi miaka ya 1980, pale Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao walipopanda melini na mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwale wa leza, mashine ambayo hospitalini hutumika kuchunguza chembe za damu. Taarifa yao ilitoka mwaka 1988. Leo inajulikana kwamba hakuna kiumbe chenye kufanya usanisinuru kilicho na idadi kubwa kuliko huyo. Kijiko cha chai cha maji yanayoonekana matupu kinaweza kubeba seli zake laki kadhaa. Kila kitu chake kimebanwa: chembe za urithi chache, mwili mdogo, na pale fosforasi inapoadimika, mafuta ya utando wake hujengwa kwa salfa, ambayo baharini haijawahi kuwa haba.

Wengine hushika njia ya usafiri. Katika Pasifiki ya Kaskazini zipo diatomu za jamii ya Rhizosolenia zinazosukana na kuwa vipande kama vya mkeka, vya sentimita kadhaa, ambavyo mpiga mbizi huviona kwa macho. Zikiishiwa naitreti hushuka zaidi ya mita mia moja hadi gizani, hujaza akiba, kisha hujifanya nyepesi na kupanda tena juani. Ngazi ya ile nyumba ni mbovu, nazo zimejifunza kuning'inia kwenye kamba.

Kundi la tatu limeshinda tatizo lenyewe. Trichodesmium huweza kuichukua gesi ya naitrojeni na kuigeuza kuwa mbolea, kazi ambayo shambani hufanywa na bakteria waishio kwenye mizizi ya kunde. Nyuzi zake hufungamana kama vifundo vidogo vya pamba, na bahari ikitulia huelea kwa mistari mirefu ya rangi ya kahawia. Mabaharia wa kale waliifananisha na vumbi la mbao lililomwagwa baharini. Christian Gottfried Ehrenberg aliielezea kutokana na aliyoyaona Bahari ya Shamu, na wapo wanaosema wekundu wake ndio uliolipa Bahari ya Shamu jina la Bahari Nyekundu. Katika maji ya pwani ya Tanzania huongezeka wakati wa kaskazi, maji yanapokuwa ya moto na pepo si kali. Lakini naitrojeni hiyo haipatikani bure. Kimeng'enya kinachoivunja gesi hiyo kimejengwa kwa chuma kingi, na seli bado inahitaji fosforasi. Ndiyo sababu Atlantiki ya Kaskazini, inayonyunyiziwa vumbi la Sahara lenye chuma, ina Trichodesmium nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo fosforasi yake imekombwa. Pasifiki ya Kusini iko mbali na majangwa makubwa, na huko fosforasi kidogo hubaki bila wa kuitumia.

Zipo sehemu ambako ngazi hutengenezwa na upepo. Kutokana na mzunguko wa dunia, upepo unaovuma sambamba na pwani hausukumi maji mbele moja kwa moja. Kaskazini mwa ikweta tabaka la juu huhamia upande wa kulia wa upepo, na kusini mwa ikweta huhamia kushoto. Kuanzia Mei au Juni kusi huvuka Kenya kwa mkondo wa hewa wenye kasi, unaoitwa kwa jina la Findlater aliyeueleza miaka ya 1960, kisha hufuata pwani ya Somalia kuelekea kaskazini-mashariki. Hapo kulia kwake ni bahari kuu. Maji ya juu husukumwa nje, na ya chini, baridi na yenye mbolea, hupanda kuziba nafasi. Karibu na Ras Hafun joto la maji hushuka chini ya nyuzi 20, jambo la kushangaza kwa nchi iliyo karibu hivyo na ikweta. Oman nayo hupata vivyo hivyo, na maji hayo baridi yana mchango katika ukungu na manyunyu ya msimu wa Dhofar unaoitwa khareefu. Bahari ya Arabuni hugeuka kijani kiasi cha kuonekana kutoka angani.

Upepo huo huo ukiwa bado Tanzania na kusini mwa Kenya uko upande wa pili wa ikweta. Kushoto kwake ni nchi kavu, kwa hiyo maji ya juu husukumwa kuelekea pwani na kulundikana, na badala ya maji ya chini kupanda, ya juu hushindiliwa chini. Kusi lilikuwa likivusha majahazi kwenda Arabuni, na kilele chake kilifunga bandari kwa ukali wa mawimbi. Nguvu zote hizo huivisha bahari ya Somalia na kuiacha ya Pemba na buluu yake. Mawimbi huchanganya tabaka la juu na kuleta kidogo, lakini kidogo hicho si cha kulinganishwa na cha Ras Hafun.

Mfano unaotajwa mno vitabuni ni wa Peru, ambako mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani milioni 12 za dagaa aina ya anchoveta, kabla ya El Niño ya 1972 kufunika pwani kwa maji ya moto na uvuvi uliokwisha kuzidishwa kuporomoka. Mwaka 1969 John Ryther alikadiria kwamba bahari kuu, ambayo ni asilimia 90 ya eneo lote, hutoa samaki wachache mno, na kwamba maeneo ya maji yanayopanda, yaliyo sehemu moja tu katika elfu, hutoa karibu nusu. Wataalamu wa baadaye waliona alizidisha pande zote mbili, ila picha ya jumla imebaki.

Mpaka hapa hesabu inakubali: penye mbolea kijani, pasipo na mbolea buluu. Tatizo ni kwamba karibu theluthi moja ya bahari ya dunia huikataa. Katika Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, katika Pasifiki ya Kaskazini upande wa Alaska, na katika Pasifiki ya ikweta, naitreti na fosfeti zimejaa juu kabisa, palipo na nuru, mwaka hadi mwaka, na hakuna anayezimaliza. Ni shamba lililomwagiwa mbolea likabaki na magugu mawili matatu. Haaken Gran wa Norwe mwaka 1931, kisha Mwingereza Thomas John Hart mwaka 1934, walishuku kwamba kinachokosekana ni chuma. Hawakuwa na njia ya kuthibitisha, na vipimo vya miongo iliyofuata viliwasuta: kila aliyepima alikuta chuma cha kutosha.

Kosa lilikuwa kwenye meli. Meli ni chuma, kamba ya kushushia chupa ni chuma, winchi ina kutu, vumbi la sitaha lina kutu, na hewa ya maabara hubeba yote hayo. Wapimaji walikuwa wakipima meli zao wenyewe. Ubaya zaidi, hata majaribio ya kukuza fitoplanktoni kwenye chupa yaliharibika kwa namna hiyo hiyo: seli zilizofika zikiwa na njaa zililishwa na uchafu wa chupa, zikastawi, na mtafiti akahitimisha kwamba hazikuwa na shida ya chuma. Ni vigumu kubuni mtego mbaya kuliko huo.

Kipimo cha kweli, kilipopatikana, kilikuwa kidogo kupita mazoea. Maji ya juu ya sehemu hizo yanaweza kuwa na miligramu 6 hivi za chuma kilichoyeyuka katika tani 1,000 za maji. Msumari mmoja mdogo wa gramu 3, ukiyeyushwa wote, ungetosha kuyapa chuma cha kiwango hicho maji ya mabwawa ya kuogelea ya Olimpiki mia mbili hivi. Chuma ni elementi ya nne kwa wingi katika gamba la dunia. Kwamba bahari imekikosa kuna historia yake. Mabilioni ya miaka iliyopita bahari haikuwa na oksijeni, na chuma kiliyeyuka humo bila taabu. Viumbe wa kwanza wa usanisinuru walijenga mitambo yao kwa chuma kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi. Kisha mitambo hiyo ikatoa oksijeni, oksijeni ikageuza chuma kuwa kutu, na kutu ikazama. Wazao wa viumbe hao bado wanaishi kwa mitambo ya chuma katika bahari ambayo wazee wao waliimaliza chuma. Bila madini hayo seli haiwezi kutengeneza klorofili vizuri, wala kusafirisha elektroni za usanisinuru, wala kuigeuza naitreti iwe kitu cha kutumika. Ndiyo maana naitreti hubaki imejaa mbele ya seli zenye njaa.

Aliyeitoa hoja hii gizani alikuwa John Martin, mkurugenzi wa maabara ya bahari ya Moss Landing huko California, mtu aliyetembea kwa shida maisha yake yote ya utu uzima kwa sababu ya polio. Yeye na wenzake walichukua usafi kama ibada: chupa za plastiki zilizoloweshwa kwenye asidi, kamba isiyo ya chuma, chumba kilichozungushiwa plastiki na kupuliziwa hewa iliyochujwa, glavu juu ya glavu. Mwaka 1988 Martin na Steve Fitzwater walichapisha matokeo ya maji ya Ghuba ya Alaska. Chupa zilizopata punje ya chuma ziliota. Chupa za jirani, zenye naitreti ile ile, zilisuasua. Mwaka huo huo Martin aliwachekesha wenzake kwenye mhadhara huko Woods Hole kwa kusema, nusu kwa mzaha, kwamba akipewa nusu ya shehena ya chuma ya meli moja angewaletea enzi ya barafu.

Mzaha ulikuwa na msingi. Barafu ya Antaktika, iliyochimbuliwa kama vijiti virefu, huonyesha kwamba katika enzi za barafu vumbi lilikuwa jingi na hewa ukaa ilikuwa pungufu, sehemu 190 hivi kwa milioni badala ya 280. Martin aliunganisha mawili hayo mwaka 1990: vumbi liliilisha chuma Bahari ya Kusini, seli zikaota, zikazama na kaboni. Leo wengi wanakubali kwamba chuma kilichangia sehemu tu ya tofauti hiyo, wala si yote.

Wapinzani walisema chupa si bahari. Ndani ya chupa hakuna wanyama wa kutosha wa kula seli, na pengine malisho ndiyo yanayozuia ukijani, si njaa. Njia ya kuwajibu ilikuwa kwenda kumwaga chuma baharini. Martin alifariki kwa saratani mwaka 1993, na miezi michache baadaye wenzake, wakiongozwa na Kenneth Coale, walimwaga takribani kilo 450 za chuma katika eneo la kilomita za mraba 64 karibu na visiwa vya Galápagos. Kijani kiliongezeka mara tatu kwa siku chache, kabla ya kipande hicho cha maji kuzamia chini ya maji mepesi zaidi. Mwaka 1995 walirudi wakamwaga kwa awamu tatu. Safari hii klorofili iliongezeka karibu mara 30, na diatomu kubwa, ambazo huku huwa chache, zikashika uwanja. Maji ya buluu yaligeuka kijani mbele ya macho ya watu waliosimama kwenye sitaha. Mwaka 1999 jaribio kama hilo lilifanyika Bahari ya Kusini, na utepe wa kijani ulionekana kwa setilaiti wiki kadhaa baada ya meli kuondoka.

Bahari yenyewe hufanya majaribio hayo bila kuulizwa. Kisiwa cha Kerguelen, kusini mwa Bahari ya Hindi, hutoa chuma kutoka kwenye mwinuko wake wa chini ya maji, na kila kiangazi cha kusini doa la kijani huchomoza katika maji yaliyolala pembeni yake. Moshi wa moto wa misitu ya Australia wa mwaka 2019 na 2020 ulibebwa mashariki maelfu ya kilomita, na majivu yake yenye chuma yaliotesha Pasifiki ya Kusini eneo kubwa. Nyangumi nao wamo: kinyesi cha nyangumi wa Antaktika kina chuma kilichokolea kama mara milioni kumi kuliko maji yanayokizunguka, na karne ya 20 iliua takribani nyangumi milioni mbili wa nusu ya kusini ya dunia.

Haikuchukua muda kabla ya wafanyabiashara kuona hapo njia ya kuuza usafi wa hewa. Majaribio, hata hivyo, hayakuwapa walichotaka. Mwaka 2004 kipande kimoja cha Bahari ya Kusini kiliota diatomu, na angalau nusu ya zao lake ilizama kupita mita 1,000, jambo jema kwa hoja yao. Mwaka 2009 meli ya Wajerumani na Wahindi ilimwaga salfeti ya chuma katika kilomita za mraba 300. Mradi uliitwa LOHAFEX, kutokana na neno la Kihindi lenye maana ya chuma. Maji hayo yalikuwa yameishiwa silika, diatomu hazikuwa na cha kujengea ganda, seli laini zilizoota ziliishia matumboni mwa wanyama wadogo, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Kuni zilipoongezwa, unga ndio ulioisha. Mwaka 2013 nchi za Itifaki ya London zilipitisha marekebisho yanayoruhusu umwagaji huo kwa utafiti uliokaguliwa tu, ingawa utekelezaji wake husubiri idadi ya kutosha ya nchi kuyaridhia.

Joto linapopanda, tabaka la juu huwa jepesi zaidi na mpaka kati yake na vilindi huzidi kukaza. Kati ya mwaka 1998 na 2006 setilaiti zilionyesha kwamba maji yenye klorofili ndogo kabisa katika Pasifiki na Atlantiki yalipanuka kwa asilimia 15 hivi, kilomita za mraba milioni 6.6. Miaka 9 ni muda mfupi kwa bahari inayopandishwa na kushushwa na El Niño, na watafiti wengine walikadiria kwamba miaka 40 hivi inahitajika kabla ya kutenganisha mwelekeo na msukosuko wa kawaida. Setilaiti mpya ya Marekani, PACE, iliyorushwa Februari 2024, husoma rangi ya maji kwa undani zaidi na hujaribu hata kutofautisha jamii za fitoplanktoni. Jicho lake, kama la setilaiti zote, huishia makumi ya mita za juu. Katikati ya mizunguko mikubwa seli nyingi zimehamia chini zaidi, mita 100 na kitu, pale nuru ya mwisho inapokutana na naitreti ya kwanza. Ili kuzihesabu hizo, chupa ya plastiki bado hushushwa baharini kwa kamba isiyo ya chuma.